Nakala za Jumamosi

Kabla hakujapambazuka nilisikia kipanya cha kompyuta kikibonyezwa sebuleni. Ka. Ka-ka. Kimya. Kisha ka tena. Kwa muda wa pumzi moja nilisahau kwamba mume wangu amekufa. Ndivyo alivyokuwa mzee wangu: aliamka jogoo bado wamelala, akakaa mbele ya kile kioo na fulana yake ya ndani, akaandika kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Nikanyoosha mkono upande wake wa kitanda. Shuka lilikuwa baridi, nami nikakumbuka.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu tumzike. Aliyekuwa sebuleni ni mdogo wake, shemeji yangu, aliyebaki kwangu baada ya wageni wengine kuondoka. Mtaani wanamwita Profesa. Si profesa. Anafundisha chuo cha ufundi, somo la nadharia, na huvaa tai hata siku ya kufua nguo.

"Umeamka mapema, shemeji," nikamwambia kutoka mlangoni.

Akashtuka, kisha akacheka. "Ah, nimekuamsha? Naisafisha tu hii kompyuta ya kaka. Imejaa takataka. Ukiiacha hivi, itakufa."

"Mungu akubariki," nikasema, na nilimaanisha. Nikaenda kumchemshia chai. Kabla ya kuondoka alinijazia ndoo mbili za maji akaziingiza jikoni bila kuambiwa. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye niliyamwaga yale maji.

Mume wangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Hakushona, alizitibu. Za mkono, za miguu, za umeme, zile ambazo wenzake walikwisha kuziita chuma chakavu, yeye alizifungua, akazisikiliza kama daktari, akazirudisha kazini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika kitabu cha kazi hiyo, kila aina na ugonjwa wake, na michoro aliyoichora mwenyewe kwa penseli. Alitaka kijana yeyote asiye na mtu wa kumfundisha akifungue, aweze. Hakutaka kingine duniani. Hata viatu alikuwa hataki vipya.

Kazi yangu katika kitabu kile ilikuwa moja. Kila Jumamosi asubuhi nilikinakili chote kwenye diski ya nje, ili kompyuta ikifa, kitabu kisife nayo. Alinikabidhi mimi kwa sababu yeye alikuwa msahaulifu wa kutafuta miwani akiwa ameivaa.

Mwanzoni nilikosea. Miezi mitatu mizima nilinakili ile picha ndogo iliyokaa usoni mwa kioo, yenye kishale kwenye kona, nikidhani ndiyo kitabu. Kila nikiijaribu pale nyumbani, inafunguka vizuri. Kisha nikaipeleka kwa Mama Waya, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na duka la dawa, anitolee kurasa chache kwenye karatasi. Kwake haikufunguka.

"Bibi," akaniambia, "hiki si kitabu. Hiki ni kidole kinachoonyesha kitabu kilipo. Nyumbani kinafunguka kwa sababu kitabu chenyewe kipo humo ndani. Umebeba kidole, kitabu umekiacha."

Hakunicheka. Alinivutia stuli yake yenye mto, yeye akasimama, akanifundisha mpaka nikaweza. Akaniongezea jingine: "Usiweke nakala mpya juu ya ya zamani. Kila Jumamosi ipe folda yake, uandike tarehe. Anayekosea leo huihitaji jana."

Basi nikafanya hivyo. Diski yangu ilikuwa na Jumamosi zaidi ya mia tano na hamsini, kila moja na tarehe yake, na ilikaa sandukuni chini ya nguo za watoto wangu walipokuwa wachanga. Shemeji hakujua kama ipo. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza mke wa fundi anafanya nini Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza baada ya Profesa kuondoka, nilikaa mbele ya kompyuta. Mzee hayupo, kitabu kimekwisha, hapakuwa na jipya la kunakili. Nilikaa tu kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kuweka sahani ya pili mezani. Nikafungua. Kitabu hakikuwepo. Nikatafuta kwenye pipa la taka la kompyuta. Lilikuwa limemwagwa, jeupe pe.

Nikampigia simu. "Shemeji, kitabu hakipo."

"Pole sana, shemeji yangu," akasema upesi. "Kompyuta za zamani ndivyo zilivyo. Imekwenda nacho. Usijitese, kaka mwenyewe amepumzika."

Nilitaka kumwambia habari ya diski. Mdomo ulikwisha kufunguka. Lakini nikaona kwamba hakuuliza kitabu kipi, wala hakuuliza nimetafuta wapi. Mtu akisikia mali ya marehemu imepotea, huuliza. Huyu alinipa pole kama aliyekuwa ameishika mkononi tayari. Nikasema ahsante, nikakata simu.

Siku mbili baadaye akaja mwenyewe, tai imelegea, jasho puani. Mkononi ana flashi.

"Shemeji, nimewaza. Labda naweza kukifufua kile kitabu. Nilikuwa nimechukua kinakala kidogo, lakini chuoni hakifunguki. Nadhani kinataka mashine ile ile."

Akachomeka flashi. Akabonyeza, akabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Simu yake ikaita, akatoka nayo barazani. Nikavaa miwani, nikasogea.

Vilikuwa vile vile vidole vya Mama Waya. Picha sita, kila moja na kishale kwenye kona. Nikayaona yote kwa mpigo mmoja. Alinakili vishale, akavijaribu hapo hapo sebuleni kwangu, vikafunguka, akaridhika. Kisha, asiniachie hata ukurasa, akatafuta jina la kitabu kompyuta nzima, akafuta kila kilichojitokeza. Alifuta kitabu cha kaka yake akabaki na kishale.

Faili moja tu humo lilikuwa la kweli. Nikalifungua. Lilikuwa jalada. *Tiba ya Cherehani*, na chini yake jina la shemeji kwa herufi kubwa, na neno "Mtaalamu" mbele. Ukurasa wa pili: "Namshukuru marehemu kaka yangu, aliyenisaidia kuchapa."

Aliyenisaidia kuchapa.

Kutoka barazani nilimsikia: "Ndiyo, mkuu. Kitabu changu kiko tayari. Hapana, tarehe ya hafla haibadiliki, na mafundi tutawaonyesha kwa vitendo."

Nimelea watoto wanne na wajukuu tisa, na sijawahi kumpiga hata mmoja wao. Siku ile nilitamani kumpiga mtu mzima kwa mwiko. Badala yake nikafunga lile jalada, nikarudi kwenye kiti changu, nikashika ufumaji wangu. Alipoingia nilikuwa nahesabu vifundo.

"Niachie hiyo flashi," nikamwambia kwa upole. "Kuna fundi namfahamu. Njoo Jumatano."

"Unaweza kweli, shemeji?"

"Mimi sijui kitu, baba. Lakini tutajaribu."

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu, na kuliko ya kaka yake mara mia.

Nilikwenda kwa Mama Waya, si kwa msaada, bali kwa sababu siri ya namna ile haikai ndani ya mtu mmoja. Nikamsimulia yote. Akaweka bisibisi chini.

"Mpigie mkuu wa chuo sasa hivi. Ushahidi unao. Leo leo amalizwe."

"Nikimpigia leo, Profesa atasema ni ugomvi wa familia. Kikongwe amefiwa, amechanganyikiwa, anaona wezi kila pembe. Watanipa kiti na glasi ya maji."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka cherehani yenyewe iseme."

Akaokota bisibisi yake. "Bibi," akasema, "siku nikikukosea, nipigie kelele tu. Usininyamazie."

Nyumbani nikatoa diski chini ya nguo za watoto. Nilijua Jumamosi ninayoitaka. Katika mwaka wa saba mume wangu alikosea sura ya sita, sura ngumu kuliko zote, inayoeleza jinsi sindano inavyokutana na ile ndoana ndogo inayozunguka chini na kuudaka uzi. Aliandika kwamba ndoana idake uzi sindano inaposhuka. Sivyo. Ni sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda; hapo ndipo uzi hulegea ukafanya kitanzi. Kosa lile lilikaa kitabuni Jumamosi kumi na nne. Kisha siku moja alifuata maandishi yake mwenyewe akavunja sindano tatu, akaja jikoni anacheka mpaka machozi: "Mama, nimejidanganya mwenyewe!"

Nikachagua mojawapo ya zile Jumamosi kumi na nne. Nikaitia kwenye flashi ya shemeji, kitabu chenyewe safari hii, si kishale. Nilihakikisha mara mbili. Kisha nikachemsha chai nikainywa taratibu, na sitasema uongo, ilikuwa chai tamu.

Jumatano akaja. Kitabu kikafunguka. Alitokwa na pumzi kama tairi.

"Shemeji, umeniokoa! Yaani umeokoa kazi ya kaka," akajirekebisha. "Kutakuwa na hafla ndogo chuoni, Alhamisi ijayo. Wanakuja mafundi wa mji mzima. Utakaa mbele, nitakutaja. Hivi, kaka alikuwa anaipenda sura gani zaidi? Nataka tuwaonyeshe moja kwa vitendo."

Hakuwa amesoma hata moja. Nikajifanya nafikiri.

"Sura ya sita," nikasema. "Mafundi wote huipigia magoti."

Akaiandika kiganjani kwa kalamu, kama mtoto wa shule.

Niliwaza sana juu ya wanafunzi. Kitabu kilikuwa hakijachapishwa; alikuwa ametoa kwenye karatasi nakala moja tu ya kusomea. Hakuna kijana ambaye angeharibikiwa. Angeharibikiwa mtu mmoja, naye ndiye niliyemtaka.

Karakana ya chuo ilikuwa imefagiliwa mpaka pembeni. Cherehani kumi na mbili zimepangwa, na moja mbele, imefunguliwa tumbo. Mafundi walikaa kwenye mabenchi, mikono yao myeusi kwa mafuta yasiyotoka hata kwa sabuni. Wengi walimzika mume wangu. Mmoja, mwembamba kama jina lake, Fundi Sindano, aliinuka akanipa nafasi yake iliyokuwa mbali na jua. Mkuu wa chuo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinishika bega akaniambia, "Tunamkumbuka mzee." Kwa dakika moja niliona aibu kwa ajili yake, kwa jambo nililomletea chuoni kwake. Dakika ikapita.

Shemeji alizungumza nusu saa. Alisema "utafiti wangu" mara nyingi. Alisema alikesha. Mimi nilitajwa kama "mjane mpendwa." Kisha akamwita Fundi Sindano mbele.

"Mimi nitasoma, wewe utafuata. Kitabu kinajieleza chenyewe."

"Wewe huji kushika, Profesa?"

"Mwandishi huandika, fundi hufuata." Wachache wakacheka kwa heshima.

Akasoma. Sindano akalegeza skrubu, akazungusha gurudumu. Walipofika pale mahali, mkono wake ukasimama.

"Rudia hapo."

"Ndoana idake uzi sindano inaposhuka."

"Inaposhuka?"

"Inaposhuka. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani kaandika?"

"Mimi," shemeji akasema. Alilisema mbele ya watu sitini, wazi, kifua mbele. Sikuwa nimetarajia zawadi kubwa namna hiyo.

Sindano hakubishana. Akafunga kama alivyoambiwa, akaweka kitambaa, akakanyaga. Mshono ukaruka. Hatua nne, tundu bila uzi. Akakanyaga tena, na sindano ikasema *kap!* Kipande kikaruka kikaanguka miguuni mwa mkuu.

"Sindano hii mbovu," shemeji akasema. "Badilisha."

*Kap!*

Benchi la nyuma likaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wanaozuia kicheko. Mtu akasema, "Profesa, tunaomba na nadharia ya sindano ya tatu!" Karakana ikapasuka kwa kicheko.

"Aliyeandika hivi," akasema Fundi Sindano akifuta mikono, bila kucheka, "hajawahi kushika bisibisi."

Hapo nikainuka. Nikamkabidhi mkuu diski yangu.

"Mwanangu, fungua humo. Kila folda ni Jumamosi moja. Miaka kumi na mmoja. Fungua yoyote utakayo, uone kitabu hiki kilivyokua, kuanzia kurasa chache za mwanzo."

Akachomeka. Kwenye ukuta, pale pale lilipokuwa jalada la shemeji, Jumamosi zangu zikaanza kushuka kama mvua, tarehe juu ya tarehe. Nikamwonyesha Jumamosi ambayo kosa lilisahihishwa, mkuu akaifungua. Pale katikati ya sura ya sita mume wangu alikuwa ameacha maneno yake mwenyewe, nami nilikuwa nimeyasahau. Mkuu akayasoma kwa sauti:

"Hapa nilikosea. Si inaposhuka, ni inapoanza kupanda. Nimevunja sindano tatu. Mama kanicheka, kisha kanipa chai. Kijana usomaye, ukikosea, kaa karibu na mtu atakayekupa chai."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, ila si kwa hilo. Lakini sikuwa nimekwenda pale kulia. Nikamgeukia shemeji.

"Kaka yako alikusaidia kuchapa," nikamwambia. "Ulisahau kumwomba akusaidie kusoma?"

Tai yake ilikuwa imepinda, naye hakuwa na mkono wa kuinyoosha. Alikusanya karatasi zake, nyingine zikabaki sakafuni, akatoka akipita katikati ya watu aliowafundisha. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, kwa upana, kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja. Nilimfuata kwa macho hadi mwisho, nisikose hata hatua moja.

Kitabu kitachapishwa na chuo kwa jina la mume wangu. Mkuu alisema inatakiwa barua tu, shemeji atie sahihi kwamba hana dai lolote. Angeweza kuituma. Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe. Nilitaka kuuona uso wa shemeji tena. Kiu yangu ilikuwa haijakatika.

Anaishi chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili. Mkewe alikwisha kuondoka miaka mingi. Alifungua mlango akiwa na fulana, bila tai. Sikuwahi kujua kwamba shingo yake ni ya kaka yake kabisa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Vyombo viwili vilikaa karoni, sahani moja na kikombe kimoja. Akafuta kiti kwa mkono wa fulana yake kabla sijakaa. Nililiona hilo. Sikutaka kuliona.

Alisoma barua, akatia sahihi, akasukuma kalamu mezani.

"Ulijua tangu siku ya flashi," akasema.

"Nilijua."

"Na sura ya sita?"

"Nilikuchagulia."

Akatikisa kichwa polepole. "Ungeniambia tu, shemeji. Ungenitukana hapo hapo sebuleni."

"Nawe ungeniomba tu. Hapo hapo sebuleni."

Chini, mtu alikuwa anapiga msumari ukutani, anapumzika, anapiga tena.

"Kaka aliacha shule ili mimi nisome," akasema mwishowe. "Unalijua hilo. Mji mzima unalijua. Kila nikipita, ni mdogo wake fundi. Nikipata cheti, ni jasho la kaka yake. Nikasema, akifa, angalau kitu kimoja..." Akaacha. "Nilipomsikia mkuu akisoma ile habari ya chai, nilitaka ardhi inimeze."

"Vizuri," nikasema.

Nilisema vizuri, na nilimaanisha, kama nilivyomaanisha lile la Mungu akubariki. Watu hupenda kusema kisasi kikikamilika huacha uchungu mdomoni. Changu hakikuacha uchungu. Kilikuwa kitamu siku ile karakanani, na kilikuwa kitamu pale kwenye kile kiti kilichofutwa kwa fulana. Ila nilimtazama akinimiminia chai kwenye kikombe chake kimoja, yeye akichukua bakuli, nikaona kwamba katika watu wote walio hai, ni huyu tu aliyemjua mzee wangu akiwa mtoto. Sikumsamehe. Nilikunywa nusu.

"Wenzako wa chuo wanakuja kukuona?" nikauliza.

"Nani aje?"

Nikakunja barua, nikaitia mkobani, nikasimama. Alinifuata mpaka kwenye ngazi, akawasha taa ya ukumbini ingawa ulikuwa mchana, kwa sababu ngazi ile ina giza na anajua macho yangu. Nilishuka nimeshika ukuta. Nilipofika pale ngazi zinapokata kona nikamsikia juu yangu.

"Shemeji."

Nikasimama, bila kugeuka.

"Njoo tena. Hata kama ni kunisema tu, njoo."